Mukenia, mutare na mucimoro: Ni blakiberi ipi hiyo isiyo na miiba?

MAJUMA matatu yaliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu. Alikuwa akifundisha mimea ya mazingira ya mwanafunzi, kama mtaala wa umilisi unavyomtaka, na katika orodha ya msamiati aliyoipata mahali alikuta jina la kichaka fulani cha huko kwetu likiwa limefasiriwa hivi: “blakiberi ya mwitu isiyo na miiba.” Naye, kwa kutaka kazi iende, akawaambia watoto wa gredi ya nne waje kesho yake na tawi la kichaka cha mwitu chenye matunda meusi kama ya blakiberi.

“Prof,” aliniandikia, “hakuna mtoto hata mmoja darasani mwangu aliyewahi kuona blakiberi. Mimi mwenyewe niliijua kama simu.”

Watoto wakaleta walichokiona. Wengine walileta mutare, wengine mukenia, na wengi, kwa sababu ndicho kilichojaa kando ya njia, wakaleta mucimoro. Njiani kijana mmoja na dada yake walionja punje za mucimoro zilizokuwa bado za kijani. Walitapika kutwa, wakapelekwa zahanati, na jioni wakarudi nyumbani salama. Mwalimu hakuniandikia kwa ajili ya zahanati. Aliniandikia kuuliza swali la lugha: Je, kwa Kiswahili sanifu kichaka hiki kinaitwaje, ili kosa hili lisirudiwe?

Ni swali zuri, na linanihusu kuliko mwalimu alivyodhani. Kosa hilo hilo nimewahi kulifanya mimi, tena kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili miaka ya themanini nilipewa kazi ya kukusanya orodha ya maneno ya Kiembu na kuyapa fasiri za Kiswahili. Nilipofika kwenye mukenia nilikwama. Mukenia nilikuwa naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba ya mama. Kiswahili chake ndicho kilichonishinda. Nikafanya wanachofanya wanafunzi wote usiku wa manane kabla ya kukabidhi kazi: nikatafuta kitu cha kufanana nacho. Nikaandika, “forosadi mwitu.” Msimamizi wangu, mzee wa pwani aliyekuwa mpole sana mpaka anaposhika kalamu nyekundu, aliniita ofisini. “Bwana mdogo,” aliniuliza, “na nyinyi huko Embu watoto huupanda mforosadi huo?” Nikamwambia, la hasha, mwalimu, kile ni kichaka, hufika kifuani mwa mtu mzima, hupandwi. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Yeye alikuwa ameona akilini mti wa forosadi wa uani kwao, wenye kivuli cha kukalia na kunywea kahawa. Kwa neno moja nilikuwa nimehamisha mti mzima kutoka pwani na kuusimamisha kwenye mteremko wa Mlima Kenya.

Basi tuviangalie vichaka vyenyewe kwanza, kisha turudi kwenye majina.

Mutare ndio blakiberi kweli, ikiwa ni lazima tulitumie neno hilo. Uko katika jenasi ambayo wanasayansi huiita Rubus, ya ukoo wa waridi, na kwenye miteremko ya Mlima Kenya zipo spishi zaidi ya moja. Hupenda ukingo wa msitu, kingo za mito yenye unyevu, na sehemu za juu karibu na mianzi. Matawi yake ni marefu, hupinda na kujitegemeza kwenye miti mingine, na yana miiba iliyopinda kama kucha za paka. Mtu akiingia humo na sweta, sweta hubaki. Tunda lake huitwa ndare. Kila tunda hutokana na ua moja, na ndani ya ua hilo visehemu vingi vya kike hugeuka kuwa vijipunje vilivyoshikana pamoja.

Mukenia ni kitu kingine kabisa. Jina lake la kisayansi ni Lantana trifolia. Neno la pili la Kilatini linatwambia jambo la kweli, kwamba majani yake hutoka matatu matatu kwenye kila kifundo cha shina. Ukiukuta una mawili mawili hapa na pale usishtuke, lakini hayo matatu ndiyo kitambulisho chake. Shina lina pembe, linakwaruza kidogo kwa vinyweleo, lakini miiba halina. Maua yake ni madogo, ya rangi ya waridi iliyokolea au ya zambarau hafifu. Maua yanapokwisha, kichwa cha ua hurefuka kikawa kama suke dogo, na juu ya suke hilo hupangika punje laini za zambarau zinazong’aa kama shanga. Hizo ndizo ngenia. Tulikuwa tukizipukusa kwa vidole viwili, kutoka chini kwenda juu, na kuzitupa kinywani zote kwa pamoja. Ni tamu kidogo, zina kokwa ndani, na huacha ulimi wa zambarau. Mama alikuwa hana haja ya kuuliza tumechelewa wapi kutoka mtoni, alikuwa akisema tu, “Toa ulimi.”

Hapa pana jambo litakalowafurahisha walimu wa sayansi. Katika mukenia kila punje hutoka kwenye ua lake, si kama ndare ambapo ua moja huzaa tunda lote. Forosadi nayo ni hivyo hivyo, ni maua mengi yaliyosongamana yakafanana na tunda moja. Kwa maana hiyo “forosadi mwitu” yangu ya mwaka ule haikuwa mbaya sana kuliko “blakiberi mwitu” ya orodha ya mwalimu. Lakini sidhani msimamizi wangu angalikubali utetezi huo. Singemlaumu.

Kisha kuna mucimoro, Lantana camara, ambao wengi mijini huuita lantana tu. Huu ni ndugu wa mukenia, wa jenasi moja, lakini ndugu wenye tabia tofauti. Majani yake hutoka mawili mawili, yakielekeana. Shina lake lina pembe nne, na kwenye pembe hizo mara nyingi huwa na miiba midogo iliyopinda nyuma. Maua hubadilika rangi kadiri yanavyozeeka, kwa hivyo katika kishada kimoja utaona manjano, chungwa, nyekundu na waridi kwa wakati mmoja. Urembo huo ndio uliofanya usafirishwe kutoka Amerika ya kitropiki na kupandwa kwenye bustani na nyua za dunia nzima, kisha ukatoroka. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuorodhesha miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Majani yake huwadhuru ng’ombe, hasa ini, na ng’ombe aliyeyala ngozi yake huungua akikaa juani. Punje zake zikiwa nyeusi na zimeiva, watoto wa sehemu nyingi huzila. Zikiwa za kijani ni sumu. Hapo ndipo watoto wale wawili walipoponzwa, na neno “blakiberi” halikuwa na uwezo wa kuwaonya.

Mtauliza, Je, hilo “isiyo na miiba” halikutosha kuwatenganisha? Hapana, na sababu zake ni mbili.

Ya kwanza, kufasiri kitu kwa kile ambacho hakina ni njia dhaifu. Ukisema paka ni simba asiye na manyoya ya shingoni, aliyewahi kuona simba atakuelewa kidogo, lakini asiyewahi kuona simba hana pa kuanzia. Mtoto wa Runyenjes aliyeambiwa “blakiberi isiyo na miiba” amepewa vitu viwili: kitu asichokijua, na pengo ndani ya kitu hicho. Tena tukiandika maneno hayo mtandaoni leo tutaletewa mimea ya biashara ya Marekani. Chuo Kikuu cha Arkansas kimezalisha aina za blakiberi zisizo na miiba, kama ile iitwayo Navaho, zinazopandwa mashambani kwa mistari na kufungwa kwenye waya. Mwalimu wetu aliipata picha hiyo hiyo, akaionyesha darasani kwenye simu yake. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyesema, “Mwalimu, hiki ni mukenia!”

Ya pili ni neno mwiba lenyewe. Kiswahili kina neno moja hapo na kinaridhika nalo. Mwiba ni wa mgunga, ni wa waridi, ni wa nyuki, na hata samaki ana miiba ukimla vibaya. Wanabotania wao hutofautisha: kuna miiba iliyo tawi lililogeuka, kuna iliyo jani au sehemu ya jani, na kuna ile inayoota kwenye ngozi ya shina tu, ambayo ukiisukuma kwa kidole gumba hubanduka. Ya mutare, ya waridi na ya mucimoro ni ya namna hiyo ya tatu. Na mucimoro hutofautiana sana: mwingine umejaa miiba, mwingine ina michache tu, mwingine ukiutazama juu juu hutaiona. Kwa hivyo mtoto aliyeshika tawi la mucimoro lisilochoma alikuwa ametii maagizo kikamilifu. Matunda meusi, anayo. Miiba, haioni. Kosa lake liko wapi?

Sasa majina.

Msomaji wa safu hii anajua kwamba lugha za Kibantu huweka miti katika ngeli ya mu-/mi- na matunda yake katika ngeli nyingine. Kiswahili husema mpera na pera, mchungwa na chungwa, mkuyu na kuyu. Kiembu na Gikuyu husema mukuyu, lakini tunda ni nguyu. Mutare, ndare. Mukenia, ngenia. (Ninaandika bila alama za irabu, mnisamehe, lakini wenye lugha watasoma sawasawa.) Kimetokea nini hapo? Tunda limeingia katika ngeli ambayo kiambishi chake ni nazali, na nazali hiyo imeigusa konsonanti inayofuata na kuipa mghuno: k ikawa g, na ikaandikwa ng, t ikawa d, na ikaandikwa nd.

Kiswahili nacho kilipitia njia hiyo, ila kiliishia kwingine. Tazama kuni. Umoja ni ukuni, wingi ni kuni, na nazali iliyokuwa mbele ya k imepotea kabisa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Gikuyu kwa neno hilo hilo kina ruku na ngu. Sasa panda gari Embu uelekee Meru, uvuke mto Thuci, upite Chuka na Chogoria. Kadiri unavyokwenda utaanza kusikia nazali na k zikikaa pamoja bila kuingiliana. Kuni ni nku. Soma vibao vya barabarani: Nkubu, Nkuene, Ntima. Kwa safari ya saa mbili hivi umepita katika hatua tatu za historia moja, moja umeiacha pwani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna maabara ya fonolojia yenye bei rahisi kuliko matatu ya Embu–Meru.

Hilo linatuletea tatizo la vitendo. Tukitaka kuuingiza mukenia katika Kiswahili, tufuate kanuni gani? Kanuni ya kawaida ni kudondosha u ya mu-, kama muti ulivyokuwa mti. Basi tutapata mkenia. Na tunda, kwa kufuata pera na chungwa, litakuwa kenia. Naona wasomaji wameanza kutabasamu. “Mkenia mmoja ameota kando ya barabara.” “Watoto wamekula kenia yote.” Hapana, tutaleta balaa, hasa wakati wa uchaguzi.

Na niseme hapa, kwa kuwa kila ninapoutaja mmea huu hutokea mtu wa kuniuliza, kwamba jina la nchi yetu halitokani na kichaka hiki. Jina Kenya linatokana na mlima. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui mnamo 3 Desemba 1849 na kuandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, na majina ya jirani zao, kama Kirinyaga, ni ya mlima huo huo. Mukenia unafanana nalo kwa sikio tu. Wapo pia wanaolihusisha jina la kichaka na kitenzi kukena, yaani kufurahi, ambacho kauli yake ya kufanyisha ni kukenia, kufurahisha: kichaka kinachofurahisha. Kwa umbo hakuna kinachozuia, na kwa mtoto aliyetoka shule na njaa maana inakubali. Hata hivyo etimolojia tamu ndizo za kutiliwa shaka zaidi, na mimi sitaiandika katika kamusi.

Njia iliyo bora ipo tayari, na wasemaji wa kawaida wameshaifungua bila kutungoja maprofesa. Kiswahili cha Kenya kimepokea maneno kadhaa ya Mlima Kenya pamoja na mu- yake bila kuidondosha: mugumo, mukimo, muratina, muguka. Hakuna anayesema “mgumo” akaeleweka haraka, na anayeagiza “mkimo” hotelini ataangaliwa mara mbili. Kwa nini basi mukenia usikae hapo? Umoja mukenia, wingi mikenia, tunda ngenia, katika ngeli ya i-/zi-, umoja na wingi sawa.

Kuna wenzangu wasiopenda hivyo. Wanasema Kiswahili kisijazwe maneno ya bara, na kwamba mtu wa Lamu au wa Tanga hataujua mukenia ni nini. Ni kweli hataujua. Lakini je, anaijua blakiberi? Hoja hiyo ina upofu fulani: neno la Kiembu tunaliona geni, la Kiingereza tunaliona la kawaida. Forosadi yenyewe ni neno la Kiarabu lililofika pwani na mti wake, likapokewa, likawekwa katika ngeli, na leo hakuna anayeliuliza cheti cha kuzaliwa. Na hata huyo Linnaeus, Mswidi aliyezipa lantana hizi mbili majina yake mwaka 1753, jina Lantana hakulibuni. Lilikuwa jina la zamani la kichaka kingine cha Ulaya ambacho hakina udugu nazo, akaliazima kwa kuona mfanano. Naye alikuwa na “forosadi mwitu” yake.

Swali la mwalimu lilikuwa na sehemu ya pili, ambayo nilitaka kuipita, lakini ndiyo iliyonikosesha usingizi. Katika orodha yake, makazi asilia ya kichaka hiki yalikuwa yameandikwa neno moja: “vichakani.”

Si uongo. Lakini hebu tulitazame neno kichaka. Kiswahili cha leo hakikiheshimu kichaka. Kichakani ndiko wanakojificha wezi, ndiko takataka zinakotupwa, na barua za maafisa kila msimu wa mvua huwahimiza wananchi “kufyeka vichaka.” Sasa mweke kando ya neno hilo ndugu yake wa bara: kithaka kwa Wameru, githaka kwa Wagikuyu na Waembu. Sauti th na ch hapo zinajibizana, na shina linafanana waziwazi. Lakini githaka si mahali pa kutupa taka. Ni pori, ndiyo, na pia ni ardhi ya ukoo, ile waliyoifungua wahenga, yenye mipaka inayojulikana, ambamo sehemu hulimwa, sehemu huachwa ipumzike, sehemu huliwa na mbuzi, na sehemu hubaki kuwa ya kuni, dawa na asali. Mtu hakuulizwa ana shamba ekari ngapi, aliulizwa githaka chao kiko wapi.

Mukenia ni mmea wa hiyo sehemu iliyoachwa ipumzike. Haukai ndani ya msitu mzito, kwa maana unataka jua. Haukai katikati ya shamba lililolimwa, maana jembe haliupi nafasi. Hukaa pale vitu viwili vinapokutana: msitu unapoishia na shamba kuanza, kwenye ukingo wa njia ya ng’ombe, kwenye konde lililoachwa misimu michache, kwenye mteremko wa kuteremka mtoni. Ndege kama shore hula ngenia na kuziangusha mbegu kwingine. Ukiondoa huko kukutana, umeuondolea mukenia nyumba, hata kama hukuukata.

Na kukutana huko kumeondolewa kwa zamu. Wakati wa hali ya hatari, baada ya 1952, serikali ya kikoloni ilifyeka ukingo wa msitu wa Mlima Kenya na kuwalazimisha raia kuchimba handaki kuutenga msitu na vijiji. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulileta ukusanyaji wa vipande vya ardhi, upimaji na hatimiliki, na polepole githaka cha ukoo kikawa ploti ya mtu mmoja. Ploti ikapandwa kahawa chini na chai juu, mpaka kwenye mpaka, kwa kuwa kila futi sasa ilikuwa na bei. Mwaka 1986 ukaja mpango wa Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai wa kuukinga msitu usiingiliwe. Sitaki kuusema vibaya, maana msitu uliobaki una deni kwake katika baadhi ya sehemu. Lakini mahali pale pale, kati ya msitu na shamba, ndipo ulipokuwa mukenia.

Palipobaki wazi, kando ya barabara na kwenye ploti ambazo wenyewe wako Nairobi, mucimoro umefika kwanza. Huota kwa kasi, husongamana, hukataa kufa ukikatwa, na chini yake mimea mingine haipati pumzi. Ndiyo maana wengi wa wale watoto wa gredi ya nne walileta mucimoro. Hawakukosea kichaka, walileta kichaka kilichopo.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe Jumamosi iliyopita, kutoka Runyenjes kupanda kuelekea msituni, kisha upande wa kilima cha Kirimiri. Umri wangu hauniruhusu tena kushuka miteremko kama zamani, nikaongozana na mjukuu wa jirani, kijana wa kidato cha pili. Kwa saa nzima ya kwanza tuliona mucimoro, na chai, na mikaratusi. Kijana aliniuliza, “Guka, huo mukenia uko na maua ya rangi gani?” Nikamwambia. Akasema hajawahi kuuona. Baadaye, kwenye kijia cha kushukia mtoni, mahali ambapo mwinuko ni mkali mno kwa chai na mwenye shamba ameshindwa kulima, nikauona mmoja, kisha sita saba pamoja, majani matatu matatu, na masuke mawili yaliyoiva. Nikampukusia kijana ngenia. Akazitafuna akifikiri, akatema kokwa, akasema, “Ni sawa tu,” kama mtu aliyekwisha kuonja biskuti. Kisha akatoa simu kupiga picha ulimi wake.

Sasa nimtimizie mwalimu ombi lake. Nimemwandikia kidahizo hiki, akitumie darasani mpaka wenye kamusi watakapopata kizuri zaidi:

mukenia nm mi- [u-/i-] kichaka kisicho kirefu, chenye shina lenye vinyweleo na lisilo na miiba, majani yanayotoka matatu matatu kwenye kifundo, maua ya waridi au zambarau hafifu, na matunda madogo ya zambarau yaliyopangika kama suke. Huota ukingoni mwa msitu, kando ya njia na kwenye konde lililoachwa kupumzika. Tunda lake huliwa: ngenia. Taz. pia mucimoro, ambao majani yake hutoka mawili mawili. Punje zake za kijani ni sumu.

Ni kirefu kuliko kawaida ya kamusi, na mhariri yeyote angekikata. Nimekiacha kirefu makusudi, kwa sababu ya watoto wale wawili. Neno “isiyo na miiba” limo, lakini limekuja la pili, baada ya msomaji kwisha kujua anatazama nini.

Mwalimu amenijibu jana usiku. Wanafunzi wake wamekubali mukenia, wanafunzi wawili kutoka nyumba za Kimeru wameanza kubishana na wenzao kuhusu ng na nk, na msichana mmoja anataka kujua kwa nini ngenia moja ni ngenia na ngenia kumi bado ni ngenia. Hilo la msichana nitalijibu juma lijalo.